Kakontwe, kartie ya chokaa na kuta zinazokunywa maji

Mvua zimerudi. Pamoja nazo yamerudi malalamiko ya kila mwaka hapa Kakontwe. Ukuta wa chumba cha watoto umeota ukungu, rangi inabanduka kama ngozi ya nyoka, magodoro yananuka. Kwa wale waliojenga na matofali mabichi, sehemu ya chini ya ukuta inakuwa laini mpaka kidole kinaingia. Watu wanasema: "ukuta inakunywa maji." Wanasema kweli. Tofali lina vijitundu vidogo sana, na maji ya udongo yanapanda ndani yake kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa.

Wengi wameuliza dawa ya unyevu ni nini. Jibu fupi lipo, nami nitalitoa hapa chini, lakini halieleweki bila historia ya mahali hapa. Sisi tunakaa juu ya jiwe ambalo watu duniani wamelitumia kwa maelfu ya miaka kufanya kuta zao zipumue na kukauka. Jiwe hilo ni jiwe la chokaa, ile ambayo wengi wetu tunaiita "sho" kwa Kifaransa. Kakontwe linachimbwa tangu wakati wa Wabeleji. Ukifungua kitabu chochote cha wanajiolojia kuhusu Katanga utakuta jina la kartie yetu, maana wao wanaita jiwe hili "chokaa ya Kakontwe" hata wanapolikuta mbali na hapa. Mgodi wa Kipushi uko ndani ya jiwe hilo hilo. Kule Zambia pia, upande wa Ndola na Masaiti, wanalichimba na kuliita kwa jina letu. Lilitandikwa chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, wakati ambapo hapakuwa na Likasi wala mtu wa kuipa jina.

Basi imekuwaje watu wa mlima wa chokaa wawe na kuta zenye maji?

Tuanze na nyumba za kabla ya kampuni. Wasanga, wenyeji wa nchi hii, na majirani zao walijenga kwa miti na udongo, na juu wakaezeka nyasi. Nyumba kama hiyo watu wa leo wanaidharau na kuiita ya potopoto. Lakini angalieni jinsi ilivyopambana na maji. Paa la nyasi lilishuka chini sana na kutoka nje ya ukuta, hivi kwamba mvua haikupiga udongo. Ndani kulikuwa na moto karibu kila siku, na moshi wake ulikausha nyasi na kufukuza wadudu. Sakafu ilikuwa udongo uliopigwa, ukaachwa upumue. Na nyumba ilipochoka, baada ya miaka michache, watu walihama pamoja na mashamba yao na kujenga nyingine. Unyevu haukupata muda wa kukaa. Jambo hilo la kuhama ndilo lililokatika kwanza, kampuni ilipofika.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikaendelea hadi Bukama mwaka 1918, ikipitia huku kwetu. Kazi ya shaba ikahitaji watu wengi kwa haraka, nao wakatolewa mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Angola, Lomami, Kasai, na baadaye Ruanda na Urundi. Mji ukapewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mkubwa wa kampuni huko Ubelgiji. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966.

Wafanyakazi hao wa kwanza walilala wapi? Katika vibanda vya udongo na nyasi vilivyojengwa kwa haraka, vimebanana, watu wengi chumba kimoja. Kwa sura vilifanana na nyumba za kijijini, lakini hapakuwa na nafasi kati yake, hapakuwa na mke wa kuutunza moto, na hapakuwa na ruhusa ya kuhama kibanda kilipooza. Likasi iko kwenye urefu wa zaidi ya mita 1200 juu ya bahari. Mtu aliyetoka nchi ya joto alikutana na baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 akiwa na blanketi moja, kisha mvua za mwezi wa 11 mpaka wa 3 zikamkuta kibandani. Miaka ile vifo vilikuwa vingi sana makambini, na homa ya mapafu ilikuwa kati ya wauaji wakubwa.

Ugonjwa huo ulikuwa ukiwaua pia watu wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Wenye migodi kule walimwita daktari wa Kimarekani, William Gorgas, aliyejulikana kwa kazi yake kwenye mfereji wa Panama. Alifika kule mwishoni mwa mwaka 1913. Gorgas alikuwa ameona Panama kwamba homa ya mapafu ilipungua wafanyakazi walipotoka kwenye mabweni na kukaa kila mtu na familia yake kwenye nyumba ndogo zilizotawanyika. Akawashauri wenye dhahabu wafanye vile. Ushauri huo ulikuwa na gharama, na matajiri wa dhahabu hawakuufuata sana. Wao waliendelea na mabweni yao.

Huku Katanga njia ikawa nyingine. Kuanzia karibu mwaka 1927 na 1928, Union Minière ilibadilisha siasa yake: badala ya kuajiri watu kwa miezi michache na kuwarudisha, ikawapa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu, hata kuwahimiza, waje na wake zao. Tusidanganyane kwamba ilikuwa huruma tu. Kumtoa mtu mbali kuligharimu pesa, na mtu aliyekufa baada ya miezi mitano alikuwa hasara kwenye daftari. Lakini matokeo yake kwa nyumba yalikuwa makubwa. Familia haiwezi kukaa miaka kumi kwenye kibanda cha nyasi. Ndipo makambi ya matofali yalipozidi, mistari iliyonyooka, nyumba zenye kiwanja, njia za maji pembeni ya barabara.

Wazee waliokulia kambini wanakumbuka mambo mawili kuliko yote: posho na ukaguzi. Kapita au mtu wa usafi alipita kuangalia. Mfereji uliozibwa na takataka ulileta maneno. Kuta zilipakwa chokaa nyeupe, tena na tena, maana chokaa iliaminiwa kuwa dawa ya usafi. Watoto walirudi nyumbani na migongo meupe kwa kuegemea ukuta. Watu waliona ni amri ya Muzungu tu, na kwa kweli ilikuwa amri: mtu hakuulizwa kama anaitaka. Lakini ndani ya amri ile kulikuwa na kazi ambayo nyumba yoyote ya tofali inaihitaji, nayo ilifanywa na kampuni, kwa mafundi wake na kwa pesa zake. Mwenye nyumba hakufundishwa kuifanya. Hilo tuliweke akilini, maana tutalirudia.

Sasa chokaa yenyewe. Watu wengi wanaopita kila siku karibu na machimbo hawajui jinsi jiwe linavyokuwa unga. Jiwe la chokaa linachomwa kwenye tanuru mpaka joto la karibu digrii 900. Hapo linatoa hewa ambayo ilikuwa imefungwa ndani yake. Kilo 100 za jiwe safi zinabaki kilo 56 tu. Kinachobaki ni chokaa kali. Ukiimwagia maji inachemka yenyewe bila moto, inapasuka na kuwa unga au uji mzito. Uji huo ukichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, unaanza kuvuta hewa ile ile iliyotolewa tanuruni, polepole, kwa wiki na miezi, mpaka unarudi kuwa jiwe. Yaani ukuta uliopakwa chokaa yetu umepakwa jiwe la Kakontwe lililopita kwenye moto na maji likarudi lilivyokuwa. Lakini jiwe hilo la pili lina vijitundu vingi. Maji yaliyo ndani ya ukuta yanapita humo na kutoka nje kama mvuke.

Huko mbali, mashariki kabisa, ndugu zetu wa pwani walilijua jambo hilo kabla ya kampuni yoyote. Wao hawana mlima. Walichoma matumbawe ya baharini. Kilwa Kisiwani kuna kuta za karne ya 14 zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingine bado zimesimama ingawa upepo wa bahari unazipiga na chumvi yake kila siku. Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa vivyo hivyo. Misafara ya biashara iliyofika kwa Msiri huko Bunkeya katika karne ya 19 ilileta bunduki, nguo na shanga, na ilileta pia lugha hii tunayoongea. Neno "chokaa" lilitembea njia ndefu kutoka baharini mpaka kwenye mlima uliokuwa na kitu chenyewe tayari.

Kampuni, kwa upande wake, haikuchimba Kakontwe kwa ajili ya nyumba zetu. Ilitaka jiwe kwa ajili ya matanuru ya kuyeyushia shaba, na ilitaka chokaa kwa kazi za viwanda. Pale mtambo wa Shituru, uliofunguliwa mwaka 1929, shaba inatolewa kwa asidi, na chokaa ndiyo inayotuliza asidi. Mpaka leo viwanda vya shaba na kobalti vya Katanga vinakula chokaa nyingi hivi kwamba malori yanaileta kutoka Zambia, chokaa ya jiwe lile lile linaloitwa Kakontwe. Kwa hiyo mlima umefanya kazi miaka mingi, lakini nyumba za pembeni yake zilipata kile kidogo cha kupaka kambi.

Halafu simenti ikashinda. Lubudi, kwenye njia ya reli ya kwenda Bukama, walitengeneza simenti tangu wakati wa Wabeleji, na taratibu simenti ikawa alama ya nyumba iliyokamilika. Mtu aliyejenga na matofali mabichi aliona aibu mpaka apake simenti juu. Simenti inakauka kwa siku chache, ni ngumu, mvua haiichubui. Mimi siichukii, kwa msingi, kwa sakafu ya choo, kwa linta, ni kitu kizuri. Shida ni kuipaka juu ya udongo. Ukuta wa tofali bichi unavimba kidogo ukiwa na maji na kusinyaa ukikauka. Simenti haicheki wala hainuni, inabaki ilivyo. Basi inapasuka nyufa nyembamba kama nywele. Mvua inaingia kwenye nyufa, lakini haitoki, kwa sababu ngozi ya simenti imefunga njia. Maji ya chini nayo yanazidi kupanda, maana hayapati pa kutokea karibu na ardhi. Kwa nje ukuta unaonekana imara. Kwa ndani tofali limekuwa matope. Siku moja kipande kizima kinaanguka, na watu wanalaumu uchawi, au fundi.

Yule fundi mara nyingi hana kosa. Alifanya alichoombwa.

Udongo wetu wenyewe ni mzuri. Matofali bora ya Katanga yanatoka kwenye vichuguu vikubwa vya mchwa, vile vinavyofika urefu wa mita kadhaa. Mchwa wameuchambua udongo ule kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya Lubumbashi imejengwa nao. Tofali la kichuguu likichomwa vizuri linadumu. Lakini kuchoma kunahitaji kuni, na kuni ziko mbali kila mwaka zaidi. Ndiyo maana wengi wanabaki na tofali bichi, na tofali bichi linasamehe kila kitu isipokuwa kukaa ndani ya maji.

Tufike sasa kwenye miaka ambayo kartie zetu zilibadilika. Katika miaka ya 1980 Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière baada ya kutaifishwa mwaka 1967, ilikuwa bado inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto huko Kolwezi ulianguka. Mwaka 1991 ukaja uporaji katika miji mingi ya nchi. Uzalishaji ukashuka mpaka sehemu ndogo sana ya ule wa zamani. Kampuni iliyoshindwa kulipa mishahara haikuweza kupaka kuta wala kuzibua mifereji. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango uliolipiwa na Banki ya Dunia. Watu walibaki na nyumba bila ile kazi ya kila mwaka iliyozifanya ziwe kavu. Mfereji wa kambi ukajaa taka, mtu akaujenga juu yake duka, jirani akaufukia apande mahindi. Maji ya mvua hayakupotea. Yalitafuta njia nyingine, na njia yenyewe ni msingi wa nyumba.

Kati ya hayo yote kulikuwa na 1992 na 1993. Wakubwa wetu wanaikumbuka stesheni ya Likasi. Familia zenye asili ya Kasai, nyingi zikiwa zimezaliwa hapa hapa, zilifukuzwa majumbani, zikakaa kwenye stesheni, kwenye mashule na kando ya reli zikingoja treni, wiki baada ya wiki, mvua ikinyesha. Walilala chini ya bashi na vipande vya malata. Watoto na wazee walikufa kwa magonjwa yanayokuja pale watu wengi wanapolala mahali palipoloa. Siandiki haya kwa kufungua kidonda. Nayaandika kwa sababu yanahusu nyumba pia. Nyumba zilibadili wenye kwa usiku mmoja. Anayeingia nyumba kwa haraka hajui mfereji wake ulipita wapi, hajui paa linavuja upande gani, na aliyejua yuko kwenye treni.

Baadaye wakaja wakimbizi wengine wa ndani ya nchi. Vita vya upande wa Mitwaba, Pweto na Manono viliwatoa watu kijijini mara nyingi, kuanzia miaka ya 2000, na miji ya kusini iliwapokea. Mtu aliyepoteza kila kitu hanunui kiwanja cha juu. Anapata kile ambacho wengine wamekiacha, na mara nyingi wamekiacha kwa sababu wanajua maji yanapita pale mwezi wa 1. Tena anajenga mwezi wa 8, ardhi ikiwa kavu kama unga, na anayemwuzia haoni sababu ya kumwambia. Ninyi mnaotafuta kiwanja msimu huu, waulizeni majirani, tena akina mama kuliko wengine, maji yalifika wapi mwaka jana. Angalieni alama ya matope kwenye ukuta wa jirani. Mahali ambapo nyasi zimebaki kijani mwezi wa 9, maji yako karibu.

Kwa wale ambao nyumba imeshasimama, historia hii inaonyesha kazi ianzie wapi. Kambi za matofali zilikaa kavu kwa sababu mifereji ilizibuliwa kwanza, kisha chokaa ikafuata. Chokaa bila mfereji ni kupoteza mfuko mzima wa chokaa.

Kwanza mjue maji yanatoka wapi, maana kuna unyevu wa aina tatu na watu wanauchanganya. Alama ikiwa juu, karibu na dari, ni paa. Ikiwa chini, inafika kwenye goti au kiuno na inaacha unga mweupe, ni maji ya ardhi. Ule unga ni chumvi ya udongo iliyobaki maji yalipokauka. Ikiwa pembeni, nyuma ya kabati, na ukungu mweusi, mara nyingi ni pumzi zetu wenyewe, mvuke wa kupika bukari na nguo zilizoanikwa ndani. Kama hamna uhakika, chukueni kipande cha nailoni, mkibandike ukutani pande zote kwa siku mbili. Maji yakionekana nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, ukuta ndio wenye maji. Yakionekana mbele, upande wa chumba, ni hewa ya ndani, na dawa yake ni dirisha.

Hapa niseme jambo moja kwa nguvu. Msikaushe chumba kwa kuwasha mbabula ya makala na kufunga mlango. Moshi wa makala usioonekana unaua watu usingizini, na haukaushi ukuta hata kidogo. Moto wa nyumba ya zamani ulikuwa chini ya paa la nyasi lililopitisha hewa. Chini ya malata na madirisha yaliyofungwa ni jambo jingine kabisa.

Maji ya paa yanataka paa lenyewe. Kama malata yanaishia pale pale ukuta unapoishia, kwa kubana pesa, mvua yote inaanguka kwenye mguu wa ukuta na kuurukia. Wazee waliacha nyasi zitoke nje kwa hatua nzima. Hata nusu mita ya malata zaidi inaokoa ukuta, na ukiweza kujenga barza mbele ya mlango, upande ule hautasumbua tena. (Ndiyo, "barza" ni baraza ya Waswahili iliyopita kwenye mdomo wa Wabeleji na kurudi kwetu.)

Maji ya ardhi yanataka jembe. Chimbeni mfereji kuzunguka nyumba, mbali kidogo na ukuta ili usifukue msingi, na uteremke mpaka mahali maji yanapoweza kwenda bila kuingia kwa jirani. Mkifanya avenue nzima pamoja ni rahisi kuliko kila mtu peke yake. Shefu wa kartie anaweza kuitisha kazi hiyo kwenye salongo. Ondoeni udongo uliorundikwa kwenye ukuta, na maua ya mama pia, samahani mama. Anayeanza kujenga sasa aweke msingi wa mawe unaopanda juu ya ardhi nusu mita kama anaweza, kisha nailoni nzito juu ya mawe kabla ya tofali la kwanza. Mawe hapa hayakosekani.

Baada ya hayo ndipo chokaa. Kwenye ukuta wa tofali bichi wenye simenti inayolia kama ngoma ukiigonga, ondoeni ile simenti ya chini, acheni tofali lipumue kiangazi kizima, kuanzia mwezi wa 5. Msipake kitu juu ya ukuta wenye maji. Kisha pakeni kipimo kimoja cha chokaa iliyozimwa kwa vipimo vitatu vya mchanga safi, tabaka nyembamba, mkiloanisha ukuta kidogo kwanza na kuukinga na jua kali, kwa sababu chokaa haipendi haraka. Mchanga utoke mtoni. Ule wa mabaki ya viwanda una sumu na chumvi, muuache. Na chokaa kali si mchezo: inachoma ngozi, inaweza kupofusha jicho. Anayezima chokaa amwage chokaa ndani ya maji mengi, asimwage maji juu ya chokaa, avae kitu mikononi na machoni, na watoto wawe mbali. Ikiingia jichoni, ni maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha hospitali mara moja.

Itachubuka. Baada ya mvua mbili au tatu mtaipaka tena, na mnapaswa kujua hivyo kabla ya kuanza. Mafundi wa Mji Mkongwe wanajua hivyo, na mtu wa usafi wa kambi alijua hivyo. Tofauti ni kwamba sasa hakuna anayetumwa kuja kuangalia ukuta wako.

Mvua kubwa hazijafika bado. Kwa kuta wakati umepita mpaka mwezi wa 5, lakini mfereji unaweza kuchimbwa Jumamosi hii, na ukaonekana kama unafanya kazi siku ya mvua ya kwanza inayofuata: tokeni nje inaponyesha, hata kama ni usiku, mwangalie maji ya paa lenu yanakwenda wapi.